Mimi nakesha napata C, mwenzangu anapata A: nitie saini barua ya kumlalamikia mhadhiri?

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili chuoni. Naomba usitoe jina langu, kwa sababu watu ninaowataja wakisoma watajijua, na mmoja wao tunalala chumba kimoja.

Muhula huu tuna somo la kuzungumza hadharani. Ni la lazima, bila kulifaulu huhitimu. Hotuba fupi za mwanzo tumeshazitoa, na imebaki ya mwisho yenye asilimia 40 ya alama zote za somo. Masomo mengine sina shida nayo. Nikikaa kwenye mtihani wa kuandika huwa natoka nikijua nimeutendea haki. Lakini humu napata C, tena C iliyochoka, na mfadhili wangu hataki wastani ushuke chini ya B. Nikiharibu hotuba ya mwisho, nashuka.

Kinachoniuma si C yenyewe. Kinachoniuma ni kwamba sijamwona mtu anayejiandaa kunizidi. Tukipewa kazi naanza siku ileile. Naandika hotuba nzima neno kwa neno, naisahihisha, naiandika upya, kisha naikariri. Usiku wa kuamkia siku ya kusimama silali. Mwenzangu wa chumbani, nimwite Jirani, anachukua kadi chache, anaandika vichwa tu, basi. Baada ya hapo ni kuzungukazunguka chumbani anaropoka peke yake. Anampigia simu dada yake anamsimulia hotuba utafikiri anampa umbea. Akitoka kuoga bado anaongea. Mimi nipo mezani nashindwa kusoma kwa kelele zake! Siku ikifika anasimama, anakosea, anacheka, anaendelea, na anapewa A.

Hotuba yangu ya kushawishi ilihusu madhara ya mitandao ya kijamii kwa vijana. Tulipewa dakika saba. Nilianza vizuri, ila katikati sentensi moja ikanipotea, ile inayoanza na “Aidha”. Nikaganda. Nikarudi mwanzo wa aya kama ninavyofanya nikikariri, nikafika palepale, nikakwama tena. Watu wakaanza kuangalia madawati yao. Mikono ilitetemeka hadi karatasi niliyoshika ikawa inasikika, na nina hakika hakuna ambaye hakuona. Kadi nyekundu ya muda iliinuliwa kabla sijaigusa hoja ya tatu.

Kwenye karatasi ya alama mhadhiri aliandika hivi: “Mada ni pana mno kwa dakika saba.” Chini yake: “Chanzo cha takwimu hii?” Na mwisho: “Umetusomea kutoka kichwani, hukuzungumza nasi.” Kwenye sauti nikapewa 2 kati ya 5. Hiyo 2 niliizungushia kalamu yangu mwenyewe, kwa sababu naamini ndiyo kiini cha yote. Nina sauti ndogo, na lafudhi ya nyumbani haijanitoka. Kipindi cha kwanza kabisa mtu mmoja alicheka nilipojitambulisha, na mhadhiri akaniomba nirudie nilichosema. Nadhani siku ileile alishaniweka kwenye kundi langu. Jirani anaongea kama mtangazaji wa redio, na mhadhiri hucheka utani wake.

Sasa kuna wenzetu wameandika barua kwa mkuu wa idara. Inasema mhadhiri anapendelea wenye mdomo, anapima watu kwa sura na lafudhi, na alama zipitiwe upya. Jirani ametajwa humo kama mfano wa wanaopendelewa, na hajui. Wananitaka nitie saini kabla ya hotuba za mwisho kuanza. Wananiambia, “Alama zako za masomo mengine zinaonyesha wewe si mvivu, wewe ndiye ushahidi wetu.” Nikitia saini, sijui nitamtazama vipi Jirani. Nisipotia, nitaonekana mwoga, na pengine nitakuwa nimeacha haki yangu ipotee. Njia nyingine ni kulifuta somo, maana muda wa kufuta haujapita, nilisome mwakani kwa mhadhiri mwingine.

Mama, hivi somo hili linapima bidii au kipaji? Na ile barua niifanyeje?

Mwenye Sauti Ndogo

*

Marahaba mwanangu,

Umeniuliza mambo mawili. Moja lina tarehe ya mwisho, kwa hiyo ndilo linalokunyima usingizi: utie saini au usitie. Lingine ni kwa nini alama zako ziko hivi. Niruhusu nianze na hilo la pili, kwa sababu jina lako likishakaa chini ya ile barua, utakuwa umesema kwamba jibu lake unalijua.

Unasema Jirani hajiandai. Hebu usome tena ulivyomweleza. Anazunguka chumbani akiongea. Anamsimulia dada yake kwenye simu. Anatoka kuoga bado anaongea. Wewe umeyaita hayo kelele, na ningekuwa mezani nasoma pengine nami ningeyaita hivyo. Ila huyo mtu anafanya mazoezi, tena kwa kinywa, na mara nyingine mbele ya sikio la mtu. Wewe umefanya kazi ya kuandika. Ni kazi halisi, siidharau hata kidogo, na ndiyo inayokupa alama nzuri kwenye mitihani ya karatasi. Tofauti yenu huenda si kwamba mmoja ana bidii na mwingine hana. Huenda kila mmoja amepeleka bidii yake mahali tofauti.

Jambo hili limechunguzwa muda mrefu, hasa Marekani, ambako vyuo vingi vinalifundisha somo hili kwa maelfu ya wanafunzi. Mwaka 1994 watafiti Menzel na Carrell walitazama uhusiano wa maandalizi na ubora wa hotuba za wanafunzi. Muda wote wa kujiandaa ulikuwa na uhusiano na alama, kwa hiyo usiache kuanza mapema. Wastani wa alama za masomo mengine nao ulihusiana, yaani anayefanya vizuri kwingine kwa kawaida hufanya vizuri na hapa. Kisha kuna jambo ambalo wewe hukulitaja hata mara moja kwenye barua yako: kufanya mazoezi mbele ya watu. Mwaka 2006 Smith na Frymier wakalifuatilia hilo peke yake, wakakuta waliojaribu hotuba zao mbele ya hadhira walipata alama za juu kuliko wasiofanya hivyo. Uhusiano wa namna hii hauthibitishi kila kitu. Pengine wanaokusanya wasikilizaji ni watu waliokuwa na ujasiri tangu mwanzo. Hata hivyo, mtu mwenye wastani mzuri kama wako akiambulia C kwenye somo hili, mimi ningetazama kwanza aina ya maandalizi kabla ya kutazama kipaji.

Nakuuliza kwa upole: hotuba ile ya kushawishi, kuna binadamu yeyote aliyeisikia kabla ya siku ile?

Nikisoma katikati ya mistari naona hofu pia, na hofu haifanyi kazi yake jukwaani tu. Huanza mapema, mezani. Mwaka 1995 John Daly na wenzake waliwataka wanafunzi waseme mawazo yao kwa sauti wakati wanaandaa hotuba. Wenye hofu kubwa walihangaika zaidi na namna watakavyopimwa, wakawa wagumu kubadilisha mambo, na hawakujiamini katika kuchagua mada. Huenda huyo si wewe. Lakini mtu anayeandika neno kwa neno na kukariri kila kiunganishi mara nyingi anajenga ukuta wa kujikinga na aibu. Shida ni kwamba ukuta wa aina hiyo ukitoka tofali moja, wote unashuka. Wewe ulipotewa na “Aidha”, neno ambalo hotuba ingeweza kuishi bila hilo, na kwa kuwa kila sentensi ilikuwa imening’inia kwenye iliyotangulia, hoja mbili nzima zikakwama nyuma yake. Jirani alikosea pia, umeniambia mwenyewe. Alicheka akaendelea, kwa sababu kadi yake haikumwambia aseme neno gani. Ilimwambia aende wapi tu.

Sasa kuhusu ile mikono. Unasema una hakika hakuna ambaye hakuona. Hapo nina shaka na hakika yako. Savitsky na Gilovich walichapisha mwaka 2003 majaribio yaliyoonyesha kwamba wazungumzaji hudhani hofu yao inaonekana wazi kuliko wasikilizaji wanavyoiona kweli. Cha kufurahisha ni kwamba walioelezwa jambo hilo kabla ya kusimama walitoa hotuba bora, kwa maoni yao na kwa maoni ya waliowasikiliza. Nimekueleza wewe sasa! Watafiti wengine, Behnke na Sawyer, wakifuatilia wasiwasi wa wanafunzi tangu wapewe kazi, waliona kwamba unakuwa mkali zaidi dakika za mwisho kabla ya kuanza. Wakati wa kujiandaa, kati ya kupewa kazi na kusimama, ndipo unapokuwa chini kabisa. Kwa hiyo usiupime uwezo wako kwa hali unayokuwa nayo wakati mtu wa mbele yako anamalizia hotuba yake. Hata Cicero wa Roma, katika mazungumzo aliyoyaandika mwaka 55 kabla ya Kristo, alimfanya Crassus, msemaji mkubwa wa kizazi kilichomtangulia, akiri kwamba anapoanza kuzungumza hupauka na kutetemeka mwili mzima. Kama karatasi inakusumbua kwa kusikika, usishike karatasi nyepesi. Shika kadi ngumu, au iache mezani.

Ile karatasi ya alama ndiyo iliyonishika zaidi katika barua yako. Umeninakilia maoni matatu. La kwanza linahusu mada. La pili linahusu ushahidi. La tatu linahusu namna ulivyozungumza na watu. Wewe ukazungushia kalamu sauti.

Naielewa kalamu hiyo. Sauti na lafudhi ndizo zilizochekwa siku ya kwanza, na kidonda hutazamwa kuliko mwili wote. Lakini maoni mawili kati ya matatu hayahusu kabisa kinywa chako, na uliyastahili au kuyakosa kabla hujainuka kwenye kiti. Kuna fomu ya kupimia hotuba inayotumika sana Marekani, iliyoandaliwa na National Communication Association. Ina vipengele 8. Vinne ni vya maandalizi: kuchagua mada na kuibana ifae hadhira, kulieleza lengo, kuleta ushahidi unaofaa, na kupanga hoja. Vinne ni vya uwasilishaji: lugha, sauti, matamshi na sarufi, na mwili. Sijaiona fomu ya chuo chako, na uzito wa kila kipengele unaweza kuwa tofauti. Lakini ikifanana na hiyo, nusu ya kazi inamwezekania mtu mwenye sauti yoyote.

Chukua mada yako. “Madhara ya mitandao ya kijamii kwa vijana” inatosha kitabu. Madhara yapi? Vijana gani? Tena darasa lako lote ni vijana wanaoitumia, kwa hiyo unawashawishi wafanye nini wakitoka mlangoni? Mtu akisema, “Nataka muzime arifa za simu saa moja kabla ya kulala, na nitawapa sababu mbili,” dakika saba zinamtosha na kumbaki. Mada ikibanwa hivyo, hata ukisahau sentensi unajua bado unakwenda wapi. Naona hili ni zito kuliko lawama zote za sauti, ila wewe ndiye uliyekuwa chumbani, mimi nasoma tu.

Usidhani nakuambia upendeleo ni mawazo yako. Haupo mbali, na si lazima mtu awe mbaya ndipo apendelee. Mwaka 1920 Edward Thorndike alionyesha kwamba maofisa wa jeshi wakiwapima askari wao, alama za akili, umbo, uongozi na tabia zilikwenda pamoja kupita inavyowezekana. Mtu akikuvutia kwa jambo moja, unampa na mengine. Kuhusu lafudhi, kuna jaribio la Donald Rubin lililochapishwa mwaka 1992. Wanafunzi wa Marekani walisikiliza mhadhara uleule, sauti ileile ya mzawa. Baadhi walionyeshwa picha ya mwanamke mzungu, wengine ya mwanamke mwenye sura ya Kiasia. Walioona sura ya Kiasia waliisikia lafudhi ya kigeni ambayo haikuwepo, na walielewa machache kuliko wenzao. Kwa hiyo mhadhiri wako anaweza kuwa mwadilifu anayejitahidi, na bado akakupunja kwenye kipengele cha sauti bila kujua. Anaweza pia kuwa hajakupunja. Tukiishia kwenye kudhani, hatutajua.

Namna moja ya kujua ni kulinganisha mstari kwa mstari. Ukipata nafasi ya kuona karatasi ya Jirani, tazama mnapoachana. Mkiachana kwenye sauti na mwili tu, wakati mada, ushahidi na mpangilio mnalingana, malalamiko yako yanapata miguu. Mkiachana kwenye mada na ushahidi, hadithi ni nyingine. Shida ni kwamba kumwomba karatasi yake huku ukijua jina lake limo kwenye barua ni jambo zito, na asipojua sababu utakuwa umemtumia. Namna ya pili ni kurekodi hotuba na kuomba mhadhiri mwingine aipime bila kuambiwa alama ya kwanza. Vyuo vingine vina utaratibu huo, vingine havina. Uliza ofisi ya taaluma kabla hujaomba, ili ombi lako lisionekane kama shambulio.

Namna ya tatu ndiyo unayoikwepa, nadhani: kwenda kwa mhadhiri mwenyewe. Huendi kuuliza “kwa nini umenipa C”, kwa sababu swali hilo humfanya mtu ajitetee. Nenda na mada mbili tatu za hotuba ya mwisho, umuulize ipi imebanwa vya kutosha. Nenda na ile takwimu, umwonyeshe chanzo chake, au umuulize angependa ukitaje vipi ukiwa umesimama. Kisha umuulize kuhusu sauti: anataka nini hasa ili 2 iwe 4? Kiwango cha sauti? Kasi? Kituo kati ya hoja? Akikujibu kitu unachoweza kufanya wiki ijayo, umepata kazi. Akikujibu kwa kuzungumzia unakotoka au unavyosikika kwa kuzaliwa, umepata kitu kingine, nacho kiandike siku hiyohiyo pamoja na tarehe. Hatari yake ni kwamba anaweza kuwa mkali, au ukatoka umevunjika moyo siku chache kabla ya kusimama. Ukihisi hivyo, nenda na kiongozi wa darasa.

Basi ile barua. Sitakuambia tia wala usitie. Barua ya pamoja ina nguvu, hilo lisemwe. Mwanafunzi mmoja akilalamika anaambiwa ana wivu, wakilalamika wengi wanasikilizwa, na mabadiliko mengi vyuoni yameanza hivyo. Kama kweli kuna watu wanapimwa kwa lafudhi, ukimya wako unawagharimu na wengine. Ila yapo mambo mawili matatu ningekuomba uyatazame kabla ya kalamu.

Wanakuita ushahidi. Ushahidi huhojiwa. Mkuu wa idara akiitisha karatasi yako na kusoma “mada ni pana mno” na “chanzo cha takwimu hii?”, utamwambia nini? Kama una jibu linalokutosheleza, vizuri. Kama huna, wenzako wamejenga hoja yao juu ya mtu ambaye wanaweza kumwangusha bila kukusudia.

Lingine ni jina la Jirani. Malalamiko dhidi ya utaratibu wa kupima hayahitaji jina la mwanafunzi aliyepewa A. Yeye hakujipa. Unaweza kuwaambia wenzako kwamba utafikiria saini iwapo jina hilo litaondolewa, na iwapo barua itaomba mambo yanayopimika: vigezo vitolewe kabla ya hotuba, wapimaji wawe wawili kwa hotuba ya mwisho, hotuba zirekodiwe. Wanaweza kukubali. Wanaweza pia kukuita msaliti, kwa sababu hasira ya kundi haipendi kuhaririwa. Na wakikataa kuliondoa, utabaki na swali la kama umwambie Jirani au la, swali ambalo mimi siwezi kukupimia. Ukimwambia unawavunjia wenzako siri. Usipomwambia unalala kitanda cha pili ukijua. Wewe ndiye unayejua urafiki wenu unabeba nini.

Muda nao una maneno yake. Kutia saini kabla ya hotuba ya mwisho kunaweza kukufanya usimame ukimtazama mhadhiri kama adui, hata kama yeye hajaisoma barua, na hofu yako haihitaji chakula hicho. Kusubiri hadi matokeo kunaweza kukufungia mlango, maana rufaa za alama huwa na siku maalumu. Ziulize siku hizo leo, maana kuuliza hakukufungi kwa lolote.

Kulifuta somo ni njia halali, si woga. Lina nafuu ya haraka, na hapo ndipo ninapolitilia shaka kidogo, kwa sababu nafuu ya kukwepa hufanya mara inayofuata iwe ngumu zaidi. Somo ni la lazima, litakungoja. Mhadhiri mwingine anaweza kuwa mpole, au akawa na fomu ileile na maoni yaleyale. Tena baadhi ya wafadhili huhesabu idadi ya masomo unayobaki nayo kwenye muhula, si wastani peke yake, kwa hiyo usifute kabla ya kusoma masharti yao.

Ukiamua kubaki, kuna jambo ningependa ulijaribu, na halina ubishi na njia yoyote utakayochagua. Hotuba ya mwisho usiiandike yote. Andika sentensi ya kwanza, sentensi ya mwisho, na lengo lako kwa mstari mmoja. Kati yake weka vichwa vya hoja na takwimu pamoja na vyanzo vyake. Kisha isimulie, kila mara kwa maneno tofauti kidogo, kwanza peke yako kwa saa mkononi, halafu kwa watu. Waombe wakae mbali, mwisho wa ukumbi, na mmoja wao ainue mkono kila asipokusikia. Sauti ndogo mara nyingi ni sauti inayozungumza na sakafu. Ukimwangalia wa nyuma kabisa na kumwambia yeye, hupanda yenyewe. Jirani angeweza kuwa mmoja wa watu hao, na pengine yeye ndiye mwalimu wa karibu kuliko wote, ila hilo nalo linategemea utakachoamua kuhusu jina lake.

Na kama hofu inazidi hapa, usiku mwingi bila usingizi, chakula hakikai, unakwepa hata kujibu swali darasani, usiibebe peke yako kwa sababu ya hotuba moja. Vyuo vingi vina mshauri nasaha, na hofu ya kuzungumza ni miongoni mwa mambo wanayoyasikia sana. Baadhi ya vyuo humruhusu mwanafunzi wa namna hiyo kuanza mbele ya kikundi kidogo, ilimradi aombe mapema na kwa maandishi.

Wiki hii ningeanza na milango miwili isiyomuumiza mtu: ofisi ya mfadhili, ujue idadi ya masomo na wastani wanaoutaka hasa, na ofisi ya taaluma, ujue tarehe za rufaa na kama kuna mpimaji wa pili. Wenzako wakikusukuma kabla hujapata majibu, waambie unasoma nyaraka. Ukishayapata, niandikie tena pamoja na vile mhadhiri alivyokujibu kuhusu sauti, tuitazame ile barua upya.

Mama Mshauri